Habu ya Shangazi Imenyamaza

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, pale barabara inapoacha kuwa tambarare na kuanza kupanda mlima. Ubao ni wangu, matofali ni ya Fundi, kelele ni za wote. Mimi ndiye muuza kahawa. Wananiita Birika, na nimeshachoka kukataa. Nyuma ya ubao kuna mlango wa karakana ya Fundi Gololi, mtengeneza baiskeli, anayeamini kwamba kitu chochote kinachozunguka hapa duniani kinamhusu yeye. Kulia kwangu hukaa Gia Tano, dereva mstaafu wa malori. Kushoto hukaa Ushahidi, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, ambaye hakubali neno la mtu bila ushahidi, isipokuwa neno lake mwenyewe. Asubuhi hiyo ya Jumamosi hakuna aliyekuwa anacheka. Baiskeli ya Shangazi ilikuwa imegeuzwa miguu juu mlangoni pa karakana, na mashindano ya kupanda mlima yalikuwa kesho yake.

Shangazi si shangazi wa mtu mmoja, ni wa mtaa mzima. Ana miaka arobaini na saba. Kila asubuhi hupandisha mikate kutoka tanuri la huku chini mpaka kwa wateja wa kule juu, kreti mbili nyuma ya baiskeli, na kazi hiyo aliianza watoto wake wakiwa hawajajua kusoma. Miezi miwili iliyopita aliingia mchujo wa mashindano kwa utani tu, akawaacha nyuma wasichana wenye suruali za kubana na miwani ya rangi. Tangu siku hiyo sisi tunatembea kifua mbele kama tuliosukuma pedali wenyewe.

Na lile gurudumu la nyuma ni la Fundi. Alilisuka kwa mkono wake, spoki thelathini na mbili, akizigonga moja moja kwa ukucha na kuzisikiliza. Ng'ambo ya barabara kuna duka jipya la baiskeli lenye vioo mbele, sisi tunaliita duka la vioo, na mwenye duka ameshamwambia Shangazi mara mbili kwamba atamwazima gurudumu la kisasa bure, mradi avae fulana ya duka. Mara zote mbili Shangazi alimjibu kwamba gurudumu analo.

Lakini asubuhi hiyo alirudi anachechemea. Kwenye kona ya pili, pale mlima unapokaza, pedali zilizunguka tupu, mguu ukaenda hewani, goti likagonga usukani. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Hakukaa hata kunywa kahawa.

— Fundi, kaka yangu, alisema. Saa nne narudi. Likiteleza tena, navuka barabara.

Akaondoka. Tukabaki tunatazama duka la vioo kana kwamba tunaliona kwa mara ya kwanza.

— Cheni nilibadilisha Jumatatu, akasema Fundi bila kuulizwa. Meno ya gia ni mapya. Siyo cheni, siyo gia.

— Imebaki habu, akasema Gia Tano.

— Habu niliifunga mimi.

— Hakuna aliyesema hukuifunga wewe.

— Basi siyo habu.

Niwaeleze wasiojua. Habu ni kile kitovu cha gurudumu chenye ekseli na gololi ndani. Ya nyuma ina kazi ya ziada: ukikanyaga pedali inashika kwa vijino vilivyomo ndani, ukiacha kukanyaga inajiachia, na hapo ndipo unaposikia ile tik-tik-tik baiskeli ikiteremka. Habu ya Shangazi ilipokuwa mpya ilikuwa na mlio wa kuamsha mtaa. Baadaye ikatulia, ikanyamaza kabisa, na sisi tukaanza kujisifu kwa wapita njia kwamba kitu kizuri hakina makelele.

Kuifungua wala si kazi. Fundi mwenyewe, kwa kujidai, alituonyesha siku ya kwanza: unachomoa gurudumu, unashika seti ya gia kwa mkono, unavuta, inatoka nzima bila spana wala nyundo. "Hata Birika anaweza," alisema. Aliyasema hayo mbele ya watu wengi mno.

— Ifungue basi tuone, nikamwambia.

— Nikiifungua ni kama nimekubali ina kosa.

— Una ushahidi kwamba haina? akauliza Ushahidi.

— Mikono yangu ndiyo ushahidi.

— Mahakamani mikono tulikuwa tunaiapisha. Hatukuwa tunaiamini.

Gia Tano akaweka kikombe chini, ishara kwamba anaingia barabara kuu.

— Mimi nawaambia ni mlima. Lori langu lilikuwa linaujua mlima kabla yangu mimi. Kilomita mbili nyuma, linaanza kukohoa. Chuma kina woga, jamani.

— Baiskeli haina injini ya kukohoa, nikasema.

— Ndiyo maana inateleza. Haina pa kukoholea. Tena kule juu hewa ni nyepesi, gololi zinavimba.

— Gololi za chuma zinavimba? Fundi akageuka.

— Umewahi kufika nazo juu ukazipima?

Fundi hakuwahi kufika nazo juu. Akageukia kazi yake, ambayo ilikuwa kufuta spoki zilizokwisha kufutwa.

— Mnapiga maneno tu, akasema Ushahidi. Jiulizeni, nani anafaidika habu ikiteleza? Hebu tazameni ng'ambo.

Tukatazama ng'ambo. Mwenye duka alikuwa anafuta kioo, akatupungia mkono.

— Mnaona? Anatupungia! Yule amefukia sumaku kwenye kona ya pili. Vijino vya ndani ya habu ni vya chuma. Shangazi akifika pale, vinavutwa chini.

— Una ushahidi? tukamuuliza wote watatu kwa pamoja, maana nafasi hiyo haiji kila siku.

— Sumaku haionekani. Kutoonekana kwake ndio ushahidi wenyewe.

— Mbona pikipiki zinapita pale kila siku?

— Wenye pikipiki wameambiwa.

— Wameambiwa nini?

— Hilo nalo limefichwa.

Sikuweza kuvumilia upuuzi wa namna hiyo bila kuweka wa kwangu. Nikawaambia tatizo ni mikate. Habu ile imebeba mikate tangu izaliwe, imezoea uzito wa kreti mbili. Sasa Shangazi akienda kufanya mazoezi anakwenda bila kreti, habu inajiona imefukuzwa kazi, inagoma.

— Asubuhi hii alikuwa na mikate, akasema Fundi.

— Ilikuwa mikate ya maziwa, nikasema. Ile ni myepesi.

Fundi akakaa chini kwenye ncha ya ubao. Hapo ndipo nilipomhurumia. Alikuwa na macho mekundu, na ile bisibisi aliyokuwa ameishika hakuwa na matumizi nayo. Ikifika saa nne, Shangazi akavuka barabara, hakuna atakayemlaumu Shangazi. Watasema tu kwamba siku ya siku ilipofika, gurudumu la Gololi halikutosha. Na yeye hana kitu kingine cha kujivunia. Hajaoa tena tangu mkewe afariki, hana shamba, ana magurudumu.

— Jamani, akasema Gia Tano taratibu. Tumemsahau mtu mmoja kwenye kesi hii.

— Nani?

— Shangazi mwenyewe. Ile miguu mmeitazama siku hizi?

— Mtu mzima huyo, heshima yako, nikamwambia.

— Naitazama kifundi, Birika! Ile si miguu, ni mashine. Habu ilitengenezwa kwa miguu ya binadamu wa kawaida. Chuma kimezidiwa nguvu. Ndiyo maana kinaachia!

Kisha nikaona Ushahidi anaanza kutabasamu, na Fundi anainua kichwa.

— Kimezidiwa, akarudia Fundi.

— Kimezidiwa! Shangazi wetu amekishinda chuma!

— Hilo lina mashiko, akasema Ushahidi. Tena halihitaji ushahidi. Kila mtu ameiona ile miguu.

Tukaipenda hiyo nadharia mno. Haikumlaumu Fundi, haikumlaumu Shangazi, na ilitupandisha wote hadhi. Tukaanza kupanga nani atamweleza akirudi, na Gia Tano akajitolea kulifikisha jambo kwa lugha ya adabu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kwa nadharia hiyo Shangazi atavuka barabara vilevile, ila sasa atavuka akiwa amesifiwa.

Wakati huo akafika mwanamke mmoja aliyehamia chumba cha tatu kutoka karakana siku chache nyuma. Tulijua ni fundi wa vyerehani. Hashoni nguo, anatengeneza mashine zenyewe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, karibu mwanangu.

Akaomba kahawa bila sukari, akanywa akiwa amesimama. Macho yake yakaenda kwenye baiskeli.

— Hilo ndilo gurudumu la yule mama wa mikate?

— La Shangazi, nikamsahihisha.

Akaomba ruhusa kwa Fundi, akazungusha pedali kwa mkono, kisha akaiachia. Gurudumu likazunguka, likazunguka, likazunguka. Yeye akainama na sikio.

— Mbona halisemi?

— Ahaa! Gia Tano akavimba. Umeona eeh? Hiyo ndiyo habu ya hapa kwetu. Nenda kasikilize za duka la vioo, zote zinapiga kelele.

— Siku ya kwanza ilikuwa kimya hivi?

— Siku ya kwanza ilikuwa inalia kama kopo la misumari, nikasema. Imetulia yenyewe.

— Yenyewe?

Gia Tano akapuliza kahawa yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Mimi cherehani nyingi ninazoletewa hazijaharibika kwa kukosa mafuta, akasema yule mwanamke. Zimejaa mafuta. Mwenyewe anaipenda, kila akipita anatia tone. Fundi, samahani, sikufundishi kazi yako. Naomba tu uifungue.

Fundi akaitazama saa ya ukuta wa karakana. Saa tatu na robo. Akatutazama sisi, akatazama ng'ambo. Akasimama, akachomoa gurudumu, akashika seti ya gia, akavuta.

Haikutoka. Ile iliyokuwa inatoka kwa mkono mmoja sasa ilitaka miwili, na ilipotoka ilitoa mlio wa mguu unaochomoka kwenye tope.

Ndani hamkuonekana habu. Palikuwa na grisi nyeusi nzito, ile ya malori. Juu yake vipande vyeupe vilivyokatika kama maganda ya yai, nta ya mshumaa. Katikati ya hapo utandu wa rangi ya maziwa ulionuka jikoni. Na juu ya yote, donge la grisi ya kijani. Vile vijino vitatu vya chuma, vinavyotakiwa kuruka nje na kuuma meno ya duara kila Shangazi anapokanyaga, vilikuwa vimelala ndani ya uchafu huo, vimejikunja, havina habari. Springi zao ndogo zilikuwa zinasukuma bure.

— Hii yote ameweka nani? akauliza yule mwanamke.

Alikuwa anauliza tu, bila ukali wowote. Lakini Gia Tano aligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea, na alikuwa amevaa ndala. Ushahidi akafungua gazeti la juzi. Mimi nilichochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Ile ya rangi ya maziwa niliijua. Ni mafuta yangu ya kupikia, kijiko kimoja kilichojaa. Nilitia siku ile baada ya mchujo, Fundi alipokwenda kula, kwa sababu mlio wa habu ulinifanya nione kama Shangazi wetu anapanda kitu kibovu, nikaona aibu kwa niaba yake. Nilidhani niko peke yangu. Ilivyonyamaza nilikwenda nyumbani ninaimba.

Na grisi ya kijani huuzwa mjini kwa mafundi tu. Nilimwona Fundi anaifuta haraka kwa kidole gumba, kabla mtu hajaitazama vizuri.

Akaleta mafuta ya taa kwenye bakuli na mswaki wa zamani, akaanza kuosha. Akatoa kijino kimoja kimoja, akakisugua, akakiweka juu ya kitambaa. Gololi akazifuta, akazirudishia grisi mpya kidogo, akizungumza peke yake kwa sauti tuliyoisikia wote:

— Grisi nzito ni ya gololi. Vijino havitaki grisi. Vinataka mafuta mepesi, matone mawili. Mawili tu. Nalijua hilo tangu nina miaka kumi na tisa.

— Mafuta mepesi unayo? akauliza yule mwanamke.

— Yameisha.

Akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mwembamba, akampa. Tone moja. Tone la pili. Ushahidi alinyoosha shingo aone kama kuna la tatu, yule mwanamke akamkata jicho, akarudi gazetini.

Saa nne kasoro dakika mbili Shangazi akatokea, kitambaa cheupe kikiwa kimefungwa gotini. Gurudumu lilikuwa limeshafungwa. Juu ya benchi la karakana, matambara manne aliyofutia uchafu, kila moja na rangi yake, yalikuwa yamelala wazi, hakuna aliyekumbuka kuyaondoa.

— Ilikuwa na nini? akauliza.

Gia Tano akakohoa. Kwa lugha ya adabu aliyoiandaa alianza:

— Shangazi, miguu yako...

— Miguu yangu imefanya nini?

— Haijafanya kitu, akasema Fundi. Ile ya kijani ni yangu, Shangazi. Ilipoteleza mara ya kwanza niliipenyezea grisi kwa pembeni, kwa sindano, bila kufungua. Niliona nikifungua nitajiaibisha. Ningefungua siku ile usingeumia goti. Unisamehe.

Nimemfahamu Gololi miaka kumi na minne, sijawahi kumsikia anaomba msamaha, hata kwa mteja aliyemrudishia baiskeli isiyo yake.

— Ya mafuta ya kupikia ni yangu, nikasema.

— Nyeusi ni ya kwangu, akasema Gia Tano kwa sauti ndogo. Ile ya lori. Ni nzuri sana kwa lori.

Tukamgeukia Ushahidi. Akakunja gazeti, akalikunja tena.

— Droo zote za mahakama nilikuwa naziponya kwa mshumaa, akasema. Miaka thelathini na moja. Hakuna iliyokwama.

Shangazi alitutazama mmoja mmoja, halafu akatazama yale matambara. Hakucheka, hakufoka. Akapanda baiskeli, akaelekea mlimani. Tulimwona anaingia kona ya kwanza, akapotea. Tukasubiri. Fundi alikuwa ameshika ubao wangu kwa mikono yote miwili. Kisha, kutoka juu, tukasikia tik-tik-tik-tik-tik, inateremka, inakua, na Shangazi akatokea amekaa wima, hakanyagi, anaiachia iseme.

Alipofika kwetu hakusimama. Alivuka barabara.

— Basi, akanong'ona Fundi.

Akaenda mpaka mlangoni pa duka la vioo. Mwenye duka akatoka, mikono imefunguka kwa kumpokea. Shangazi akainua baiskeli kwa nyuma, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akaliacha lipige mlio wake wote pale mlangoni mpaka likachoka lenyewe. Kisha akamuaga kwa heshima, akarudi.

Gia Tano alipiga kelele za furaha ambazo sitaziandika. Ushahidi alimshika yule fundi cherehani mkono, akaendelea kuushika mpaka kahawa ya dada wa watu ikamwagika. Fundi alikuwa anafuta macho kwa tambara mojawapo, na kwa bahati mbaya lilikuwa lile la grisi ya lori.

— Kesho mnakuja kunishangilia? akauliza Shangazi.

— Wote! tukaitika.

— Njooni. Lakini mikono iwe mfukoni.

Kesho yake tulisimama kwenye mstari wa mwisho kule juu: mimi, Fundi, Gia Tano, Ushahidi, na yule fundi cherehani, ambaye peke yake alikuwa huru kupiga makofi. Shangazi alipochomoza kwenye kona ya mwisho, uso umeloa jasho, gurudumu lilikuwa kimya kabisa. Nikadhani habu imenyamaza tena. Fundi akanigusa kwa bega.

— Hajaacha kukanyaga, akaniambia. Tangu chini. Sikiliza akiacha.

Alipopita mstari akaacha. Tik-tik-tik-tik, mbele ya umati mzima. Alitoka wa pili. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, huyo hatumhesabu.

Bwana mmoja mgeni, aliyesimama karibu yetu na kofia yake nzuri, akakunja uso.

— Mbona ile baiskeli inalia hivyo? akatuuliza. Hakuna hata mtu wa kuitia grisi kidogo?

Tulisimama wote wanne tumenyooka, tunamtazama Shangazi wetu akivishwa nishani, na mikono yetu ilikuwa mfukoni mpaka kwenye viwiko.